Siku ya Tatu Mpe Jembe

Folda ya vipakuliwa katika kompyuta yangu ya zamani ina faili 11 zenye jina moja. Ya kwanza ni mabomba-mwisho. Inayofuata ni mabomba-mwisho yenye 1 kwenye mabano, kisha 2, kisha 3, hadi 10. Zote ni mchoro mmoja wa mradi wa maji: kisima, pampu, tangi, na bomba kuu linaloteremka hadi vituo vinne vya kuchotea maji. Nilikuwa nachorea kwenye kivinjari, na kila nilipobonyeza pa kuhifadhi, kivinjari hakikuandika juu ya faili ya awali. Kilishusha nakala mpya na kuipa namba. Siku ya kukabidhi kazi nikamtumia msimamizi wa ujenzi namba 7 badala ya namba 10. Tofauti ya michoro hiyo miwili ilikuwa tangi moja. Vijana walishinda nusu siku wakichimba msingi wake kabla hatujagundua kwamba tangi hilo nilikuwa nimeshalifuta.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza swali ambalo wenzangu huliona dogo: hii programu inahifadhije? Swali hilo ndilo lililonifikisha kwenye kazi ya mafundi ninaowaheshimu sana, wale wanaochukua programu ya kuchora iliyozaliwa ndani ya kivinjari na kuifanya iwe programu ya kusakinisha, yenye ikoni yake, dirisha lake na haki ya kugusa faili zako.

Kivinjari hakikunikosea. Kwake yeye kila ukurasa wa intaneti ni mgeni. Amefika sasa hivi, haijulikani ametumwa na nani, basi anakaribishwa sebuleni na kuishia hapo. Anaweza kuonyesha picha, kuzungumza, kuchora apendavyo mbele ya macho yako, lakini milango ya vyumbani imefungwa. Akitaka kukuachia kitu anakiweka kwenye meza ya mlangoni, yaani folda ya vipakuliwa, na akishakiweka hana ruhusa ya kukigusa tena. Ndiyo sababu ya zile namba kwenye mabano: mgeni hawezi kurekebisha alichokwisha kuacha, anaweza tu kuacha kingine. Bila ukali huo, kila tovuti ya matangazo ingekuwa inapekua nyaraka zako usiku na mchana.

Lakini programu ya kuchora si mgeni wa kupita. Mtu hukaa nayo kutwa nzima, na kesho anairudia kazi ileile. Wahenga wametuachia kanuni ya mgeni wa namna hiyo: siku mbili anahudumiwa, siku ya tatu anapewa jembe. Ugumu ni kumpa jembe bila kumpa pia ufunguo wa kabati la hati za kiwanja.

Mfano ninaoufahamu kwa karibu ni draw.io, programu ya kuchorea mifumo, mitandao na mpangilio wa kazi, iliyotengenezwa na JGraph, kampuni ndogo ya Uingereza ya Gaudenz Alder na David Benson. Maisha yake yalianza kwenye kivinjari. Visanduku, mistari inayojikunja kufuata kisanduku unapokisogeza, gridi ya nyuma, vyote ni JavaScript. Mchoro wenyewe ni maandishi ya XML. Kama faili haikubanwa, unaweza kuifungua kwa kihariri chochote ukasoma kila umbo liko wapi, lina upana gani na limeunganishwa na nani.

Toleo la kusakinisha halikuandikwa upya, na hilo ndilo lililonivutia kwanza. Hazina yake ya msimbo iko wazi kwa yeyote kuisoma. Ukiingia utakuta programu ya kivinjari imewekwa ndani kama ilivyo, haikuguswa, na kazi yote ya uhamiaji iko katika kile kinachoizunguka. Moyo wa kazi hiyo ni faili moja iitwayo electron.js. Nimeisoma kwa jioni kadhaa, kama mtu anavyogeuza koti ndani nje kutazama mshono.

Kiunzi kilichotumika, Electron, kina historia fupi. Mwaka 2013 Cheng Zhao alianza kukitengeneza kwa ajili ya GitHub, kikiitwa Atom Shell, ili kibebe kihariri cha msimbo kilichoitwa Atom. Mwaka 2015 kikapewa jina la Electron. Atom yenyewe ilifungwa rasmi Desemba 2022, ila ganda lililotengenezwa kwa ajili yake linabeba leo programu ambazo watu hufungua kila asubuhi bila kujua, Visual Studio Code na Slack zikiwemo.

Ndani ya ganda hilo kuna vitu viwili vilivyofungwa pamoja. Kimoja ni Chromium, injini ileile inayoendesha Chrome, inayojua kuonyesha kurasa. Cha pili ni Node.js, kinachoiwezesha JavaScript kusoma folda, kuandika kwenye diski na kuwasha programu nyingine. Kwa hiyo kila programu ya Electron inatembea na kivinjari kizima mgongoni, na hata ile isiyofanya lolote ina uzito wa makumi ya megabaiti. Watu huilalamikia kwa hilo, na kwa mtu anayepimiwa bando lake lalamiko ni la haki kabisa. Mimi nimeamua kwamba ni bei inayolipika. Naishusha mara moja mjini penye mtandao mzuri, kisha naenda nayo porini miezi mitatu.

Miaka ya mwanzo ya Electron, wengi waliviunganisha vitu hivyo viwili moja kwa moja: ukurasa ukapewa nguvu zote za Node. Ilikuwa njia nyepesi, na ilikuwa ya hatari, kwa sababu kipande chochote cha msimbo mbaya kilichopenya kwenye ukurasa kilikuwa na jembe, shoka na funguo zote. Toleo la 5, la mwaka 2019, lilizima muungano huo kama hali ya kawaida. Toleo la 12, la mwaka 2021, likautenga msimbo wa ukurasa na ule wa ndani, nalo kama hali ya kawaida. Siku hizi programu iliyojengwa vizuri ina pande mbili. Upande mmoja ni mchakato wa ukurasa, ambako kalamu iko kazini. Upande wa pili ni mchakato mkuu, wenye ruhusa ya kugusa diski. Katikati kuna kidirisha kidogo, kama kile cha kupitishia sahani mgahawani. Mteja anaagiza kilichomo kwenye orodha. Hapiti nyuma kushika sufuria.

Katika draw.io hata agizo lililopita kidirishani halitekelezwi hivihivi. Mchakato mkuu hutazama kwanza limetoka kwa nani, na kama ukurasa ulioagiza si ule uliomo ndani ya programu yenyewe, hakuna jibu.

Sasa twende polepole, maana hapa ndipo penye utamu. Umechora, umebonyeza Ctrl na S. Kwa jicho lako hakuna kilichotokea zaidi ya maneno madogo kutoweka pembeni. Huko nyuma, mchakato mkuu umepokea rundo la herufi na ombi la kuziandika kwenye faili fulani.

Jambo la kwanza programu inalofanya ni kuzitilia shaka herufi hizo. Inatazama mwanzo wake. Faili ya PNG lazima ianze kwa baiti nane zinazojulikana, ya kwanza ikiwa 137 na tatu zinazoifuata zikiwa herufi P, N na G. PDF ina mwanzo wake, XML ina wake. Kama kilicholetwa hakifanani na mchoro, wala picha, wala hati ya aina zinazotarajiwa, kinakataliwa papo hapo. Fikiria maana yake. Tuseme mtu amefaulu kupenyeza uovu ndani ya mchoro, ukafika hadi kidirishani na kuomba uandikwe kwenye diski kama programu ya kuwashwa. Bado atakwama, kwa sababu mwandikaji huyu anajua kuandika michoro tu.

Pili, inaangalia saa. Ulipoifungua faili, programu ilikariri wakati ambao faili hiyo ilibadilishwa mara ya mwisho, hadi milisekunde. Sasa inaiuliza diski tena. Kama nyakati hizo mbili hazilingani, maana yake kuna mkono mwingine umepita: mwenzako ofisini ameihariri kwenye folda mnayoshirikiana, au umeifungua wewe mwenyewe kwenye dirisha la pili ukasahau. Haiandiki. Inakuambia kuna mgongano, uamue. Ningekuwa na kitu hiki siku zile za namba 7, nisingemtazama yule msimamizi kwa aibu.

Tatu, inaisoma faili iliyopo na kuandika nakala yake pembeni, kabla haijaigusa. Kiswahili cha kompyuta kinaiita nakala hiyo chelezo, na nalipenda neno hilo kwa sababu ni la wavuvi: kile kinachoelea juu ya maji kuonyesha nyavu zilipo, ili hata ukipotelewa na kamba ujue pa kuanzia kutafuta. Nakala hiyo hufichwa. Jina lake huanza kwa nukta na alama ya dola, na kwenye Windows programu huenda hatua moja zaidi na kuitia alama ya faili iliyofichwa, ili folda yako isijae takataka.

Ndipo inapoandika, na hata hapo kuna uangalifu ambao kwetu una thamani ya pekee. Kwa kawaida programu inapoiambia kompyuta iandike kitu, mfumo hujibu upesi kwamba tayari, ilhali data bado imekaa kwenye kumbukumbu ikisubiri zamu ya kufika diskini. Mara nyingi hakuna madhara. Umeme ukikatika katika mwanya huo mdogo, faili hubaki nusu, au hubaki tupu. Mafundi wa draw.io huifungua faili kwa namna inayouzuia mfumo kujibu tayari mpaka data iwe imefika. Inachelewesha kidogo. Anayechora kwa betri inayoishia atakubali kuchelewa huko kila siku.

Halafu inafuata hatua ambayo nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama nikairudia. Baada ya kuandika, na baada ya mfumo kusema imeandikwa, programu inaifungua faili upya, inaisoma yote kuanzia mwanzo, na kuilinganisha na ile iliyokusudia kuandika. Zikitofautiana kwa lolote, inaandika tena. Zikitofautiana tena, inarudia mara ya tatu. Ni baada ya hapo tu ndipo inapokiri kwamba imeshindwa na kukuambia wazi.

Hakuna mteja aliyeomba hivyo. Hakuna picha ya tangazo inayoweza kuonyesha kitu kama hicho. Ni seremala anayeurudia kwa futi ubao alioukata yeye mwenyewe muda huu huu, kwa kuwa amewahi kuona ubao uliopimwa sawa ukatoka pungufu. Maelezo yaliyoachwa ndani ya msimbo yanasema kwamba hiyo ni kinga dhidi ya makosa ya uandishi yanayoweza kutokea. Nyuma ya sentensi kama hiyo kwa kawaida kuna mtu mahali fulani aliyepoteza kazi yake, na fundi aliyeisikia habari hiyo akaumia.

Pembeni ya mistari hiyo kuna swali ambalo wamejiandikia wenyewe: hii chelezo tuifute lini? Hawajalijibu. Wameamua ikae. Nimeshasoma misimbo mingi ambamo kazi isiyokwisha hufichwa. Hawa wameiacha hadharani, na upande waliouegemea wakati wakiendelea kufikiri ni ule unaomlinda mwenye mchoro.

Yapo mengine madogo. Faili ya mchoro ukiibonyeza mara mbili, kwenye Windows na Linux njia yake hufika pamoja na amri ya kuiwasha programu. Mac hufanya vingine. Mfumo huitumia programu ujumbe, na ujumbe huo unaweza kufika wakati programu ndiyo kwanza inaamka, haina hata dirisha. Ni hodi iliyopigwa mwenye nyumba akiwa bado anatafuta kanga. Asiyejua atauacha ujumbe upotee, na mtumiaji ataona ukurasa mtupu mahali pa mchoro wake, adhani umefutika. Kwa hiyo inabidi usikivu uanze mapema kabisa, kabla programu haijatangaza kwamba iko tayari, njia ya faili ishikwe pembeni, na dirisha la kwanza likimaliza kujijenga ndipo likabidhiwe. Katika kipande hichohicho kuna hadhari nyingine: usifungue dirisha jipya wakati kisanduku cha kuchagua faili kiko wazi, kwa sababu programu nzima huanguka. Jambo la aina hiyo hujulikana kwa kuangukiwa nalo.

Na kuna kufunga. Kwenye kivinjari, ukifunga kichupo ni ukurasa wenyewe unaojua kama kazi imehifadhiwa. Kwenye programu ya mezani, alama ya kufunga iko mikononi mwa mchakato mkuu, ambao haujui lolote kuhusu mchoro. Basi unapobonyeza kufunga, mchakato mkuu huzuia kwanza dirisha lisifungike, hupeleka ujumbe kuuliza kama kuna mabadiliko, husubiri jibu, na jibu likiwa ndiyo hukuuliza wewe. Ukisema tupa, unatumwa ujumbe mwingine wa kufuta rasimu, ili kesho usirudishiwe kitu ulichokwisha kukikataa. Safari nne za ujumbe katika muda ambao wewe unauona kama kupepesa jicho.

Hata kubana vidole viwili kwenye kipadi kulihitaji kufikiriwa, kwa kuwa kivinjari kikiachwa na tabia yake kitakuza vitufe na menyu pamoja na karatasi, na mtu anayetaka kuona kona ya bomba atajikuta anatazama nusu ya menyu.

Kuna uamuzi mmoja ambao si wa kiufundi peke yake. Toleo la kusakinisha la draw.io limetengwa na intaneti kwa makusudi. Likiwashwa hutazama kama kuna toleo jipya, na zaidi ya hapo michoro yako haitumwi popote, wala hesabu za namna unavyoitumia. Sera ya usalama iliyoandikwa ndani yake inaukataza msimbo wowote unaotoka nje kuendeshwa. Gharama ya uamuzi huo imelipwa. Kugeuza faili za zamani za Visio zenye kiambishi cha .vsd, na zile za Gliffy, hakufanyiki ndani ya msimbo wa programu yenyewe, kwa hiyo kwenye toleo la mezani hakupo. Wangeweza kuacha tundu moja tu la kupitishia kazi hiyo kwenye seva. Hawakuliacha. Mchoro wa mabomba ya kijiji unaweza kuonekana si siri, lakini watu huchora pia mitandao ya benki, ramani za umeme za hospitali, mipango ya jela. Anayeichora michoro ya namna hiyo anahitaji neno ambalo halina isipokuwa.

Siwezi kuusifu ufundi huu bila kuwataja waliochukua njia nyingine. Excalidraw, ubao wa kuchorea wenye mistari inayotetemeka kama ya mkono, ulianzishwa na Christopher Chedeau siku ya kwanza ya mwaka 2020. Mtetemo wake unatoka kwenye maktaba ya rough.js ya Preet Shihn, na una siri nzuri: kila umbo hubeba namba yake ya mbegu ndani ya faili, hivyo mstari uliopinda kidogo kushoto kwenye kompyuta yangu utapinda vilevile kwenye yako, leo na mwakani. Excalidraw nao walikuwa na toleo la Electron. Januari 2021 wakatangaza kuliacha, wakabaki na la wavuti linalosakinishika kutoka kwenye kivinjari chenyewe.

Sababu yao ilikuwa kwamba kivinjari kilikuwa kimebadilika. Chrome 86, ya Oktoba 2020, ilimruhusu mgeni kupewa jembe bila kuhamia. Ukurasa unaweza kuomba faili moja uliyoichagua wewe kwa mkono wako, na ukikubali, utaandika juu ya faili hiyohiyo. Zile namba kwenye mabano zikawa zimekufa, angalau huko. Faili ndogo ya JSON inaupa ukurasa jina, ikoni na namna ya kujionyesha bila upau wa anwani; kipande cha msimbo kinachokaa kati ya ukurasa na mtandao kinazitunza faili zote za programu, ili mara ya pili ifunguke hata pasipo mtandao. Programu hukaa kwenye menyu kama nyingine, na haihitaji kubeba kivinjari cha pili.

Ufundi hapa uko kwenye kuwafikiria wasiokuwa na kivinjari hicho. Firefox na Safari hazikufuata njia hiyo ya kuandika juu ya faili uliyoichagua. Thomas Steiner, aliyekuwa akifanya kazi Google, aliandika maktaba ndogo inayouliza kwanza: je, hapa kuna njia mpya? Ikiwepo inaitumia, isipokuwepo inarudi kwenye kupakua kwa zamani, na msimbo wa programu haujui tofauti. Kuivunja nyumba uliyoijenga mwenyewe kwa sababu umeona haina kazi tena kunahitaji moyo. Hata hivyo, kwa kazi yangu mimi bado nimebaki na draw.io ya kusakinisha. Kompyuta ninazokabidhiwa kwenye miradi zina vivinjari vya kila namna na vya kila umri, na ninataka kujua kwa hakika kalamu yangu inasimama juu ya nini.

Kuhusu kufungasha nitasema machache. Mchoraji wa Windows anahitaji faili ya exe au msi, wa Mac anahitaji dmg, wa Linux anataka deb au rpm au AppImage, na kila mmoja huamini kwamba yake ndiyo ya kawaida. Kwenye Windows programu isiyotiwa saini hupokelewa kwa onyo, na Apple, tangu macOS Catalina ya 2019, imetaka kila programu ya nje ya duka lake ipelekwe kwanza ikakaguliwe. Ni kazi ya ofisini, ya vyeti na kusubiri.

Kinachochosha zaidi hakimaliziki. Tangu 2021 Electron hutoa toleo kuu jipya kila baada ya wiki 8, kwa kuwa Chromium iliyo ndani yake nayo hukimbia, na matundu ya usalama yakizibwa huko lazima yazibwe na hapa. Matoleo makuu yanayotunzwa ni yale ya karibuni tu. Anayefungasha programu ya kuchora amejifunga kubadilisha msingi wa nyumba mara kadhaa kwa mwaka huku watu wakiendelea kulala ndani, na kila mara ajaribu tena hodi ya Mac, kufunga kwa Windows na vidole viwili kwenye kipadi, kwa kuwa chochote kati ya hivyo kinaweza kuwa kimebadilika.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye mradi mwingine, mlimani, mahali ambapo simu hushika mtandao ukipanda kwenye mwamba fulani tu. Kamati ya maji ilikuwa imeamua kwamba tangi moja linatosha. Nikalifuta la pili pamoja na bomba lake na vali zake tatu, nikahifadhi mara moja, nikafunga kompyuta. Asubuhi mwenyekiti alikuja mwenyewe hadi nilipofikia. Walikuwa wamekaa tena usiku. "Mwanangu," akaniambia, "lile tangi la juu lirudishe. Watu wa kule shuleni wana haki."

Vipimo vyake sikuwa navyo popote. Daftari nilikuwa nimeliacha mjini. Nikaiambia kompyuta ionyeshe faili zilizofichwa. Kando ya mchoro wangu palikuwa na faili nyingine, jina lake likianza kwa nukta na alama ya dola, saa yake ya jana jioni. Nikainakili, nikaipa jina la kawaida, nikaifungua. Tangi lilikuwa pale pale juu ya shule, na vali zote tatu.